Kigogo mmoja akitwaa ubingwa kila mwaka, mashabiki hukimbia kweli?

Swali: Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, niko mwaka wa tatu katika chuo kidogo cha Ohio, Marekani, chenye wanafunzi wasiofika 2,000. Nafanya kazi saa chache kwa wiki katika ofisi ya michezo: naandika takwimu za mechi za soka la wanaume na kuweka picha mitandaoni. Uwanjani kwetu huja wazazi na marafiki wachache tu. Kocha msaidizi anasema tatizo ni ligi. Chuo kilekile kinabeba kombe karibu kila mwaka, watu wamekata tamaa, na dawa ni kukiondoa au kukibana kwa masharti. Mimi nimekulia Temeke, nimeona Simba na Yanga wakijaza uwanja ilhali ubingwa unazunguka kwao karibu kila mwaka, kwa hiyo maelezo hayo hayajaniingia. Je, ni kweli ligi isiyo na usawa inafukuza mashabiki? Na mtu wa nafasi yangu afanye nini? Tena, tunaweza kupeleka ngoma uwanjani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwa hali uliyoieleza, hapana. Siamini kwamba kigogo ndiye aliyewafukuza watu uwanjani kwenu, na akiondolewa mnaweza kubaki na watazamaji wachache zaidi ya mlio nao sasa. Lakini kocha wako hakulitunga jambo hili. Anarudia nadharia yenye umri mkubwa na heshima yake, kwa hiyo nianze nayo.

Mwaka 1956 mwanauchumi Simon Rottenberg aliandika kuhusu soko la wachezaji wa besiboli Marekani. Hoja yake ni kwamba mtu hulipa kiingilio kwa sababu hajui nani atashinda. Matokeo yakijulikana mapema, hamu inakufa. Mwaka 1964 Walter Neale akaiongezea nguvu kwa mfano wa mabondia Joe Louis na Max Schmeling: bingwa asiye na mpinzani wa kumtisha hana pambano la kuuza. Ligi za kulipwa za Marekani zimetumia hoja za namna hiyo kutetea ukomo wa mishahara, mgawanyo wa mapato, na utaratibu wa kuzipa timu dhaifu nafasi ya mbele katika kuchagua wachezaji wapya.

Kasoro ilionekana watafiti walipohesabu watu viwanjani. Mwaka 2014 Dennis Coates, Brad Humphreys na Li Zhou walichapisha uchambuzi wa mahudhurio ya ligi kuu ya besiboli, na picha waliyoipata inakwenda kinyume na Rottenberg. Mechi ambayo nguvu zinalingana kabisa siyo iliyovuta watu wengi zaidi. Watu walikwenda zaidi pale timu ya nyumbani ilipotarajiwa kushinda, na pia pale ilipokuwa mnyonge anayekutana na mkubwa. Maelezo yao ni kwamba kufungwa nyumbani kunamuuma shabiki kuliko ushindi unavyomfurahisha. Anapokwenda uwanjani anatafuta mojawapo ya mambo mawili: furaha iliyo karibu na uhakika, au nafasi ya kumwona mkubwa akianguka. Wewe wa Temeke hili hulihitaji kufafanuliwa.

Sasa twende kwenye soka la vyuo vidogo, kwa sababu hapo kuna kisa kilichotokea kweli ambacho kocha wako angepaswa kukijua kabla ya kupendekeza mtu afukuzwe.

Kwa wasomaji wasioujua mfumo huu: chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, NCAA, kina divisheni 3. Hakuna kupanda wala kushuka kwa matokeo ya uwanjani. Chuo huchagua divisheni kulingana na falsafa na mfuko wake. Divisheni ya Tatu ilianza mwaka 1973. Ina vyuo zaidi ya 400, vingi vikiwa vidogo na vya binafsi, na kanuni yake kubwa ni kwamba hakuna mchezaji anayepewa ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira. Vyuo hivyo hujipanga katika ligi za majirani zinazoitwa konfarensi.

Mojawapo ni MIAC ya Minnesota, iliyoundwa mwaka 1920. Chuo Kikuu cha St. Thomas cha mjini St. Paul kilikuwa miongoni mwa waasisi wake. Baada ya miaka mingi kikawa kimekua sana, wanafunzi wake wa shahada ya kwanza wakipita 6,000 huku wenzake wengi wakiwa na 2,000 au 3,000. Kikawa kinashinda karibu kila mchezo. Mwaka 2017, katika mpira wa miguu wa Kimarekani, kiliifunga St. Olaf pointi 97 kwa 0. Mwezi Mei 2019 MIAC ikatangaza kwamba St. Thomas itaondolewa bila hiari yake, na sababu iliyotolewa ni hiyohiyo ya usawa wa ushindani. Chuo kikaruka moja kwa moja hadi Divisheni ya Kwanza mwaka 2021.

Upande wa pili wa kisa hausimuliwi sana. Mwaka uleule wa 2017, timu ileile ya St. Thomas ilicheza na mtani wake wa jadi, Saint John's, katika uwanja wa besiboli wa Target Field, Minneapolis. Walihudhuria watu 37,355, rekodi ya Divisheni ya Tatu nzima wakati huo. Timu iliyoharibu usawa wa ligi kuliko nyingine yoyote ndiyo iliyoiletea ligi umati mkubwa kuliko wote, na mechi hiyo ikaondoka pamoja nayo. Siwalaumu viongozi wa MIAC. Kijana anayefungwa 97 kwa 0 ana haki zake, na anaweza kuumia mwili pia. Ninachokataa ni kusema kwamba hatua ile inawaletea watu viwanjani. Usawa wa ligi na mapenzi ya mashabiki ni mambo mawili tofauti, na tiba ya moja si tiba ya jingine.

Nawe tazama soka lenyewe. St. Olaf, waliopigwa 97, waliutwaa ubingwa wa taifa wa soka la wanaume wa Divisheni ya Tatu mwaka 2023 kwa kuifunga Amherst 2-1 katika fainali. Chuo kinachodhalilishwa kwenye mchezo mmoja kinaweza kuwa bingwa wa nchi kwenye mwingine. Kwa hiyo mtu akikwambia "ligi yetu haina usawa", muulize kwanza ni katika mchezo gani, na amepima vipi.

Kupima si kazi ngumu, na wewe takwimu unazo. Chukua ligi ya timu 10 zinazokutana mara moja, kila moja mechi 9. Weka sare kando kidogo, na tuseme timu zote zina nguvu sawa kabisa, kila mechi ni kama kurusha shilingi. Hata hapo, uwezekano wa timu yoyote kushinda mechi 7 au zaidi ni karibu asilimia 9, na timu ziko 10. Maana yake msimu wa namna hiyo utakuwa na "kigogo" mara nyingi kuliko kutokuwa naye, ingawa kigogo hayupo. Wachumi hulinganisha mtawanyiko halisi wa ushindi katika jedwali, yaani timu zimeachana kwa kiasi gani, na mtawanyiko ambao bahati peke yake ingeuleta. Uwiano ukikaribia 1, ligi ina usawa, ukifika 2 hapo pana pengo la kweli. Fanya hesabu hiyo kwa misimu kadhaa ya konfarensi yenu kabla hujakubaliana na kocha au kumpinga. Msimu mmoja hausemi kitu.

Halafu soka lina tabia ambayo besiboli na kikapu hazina: mabao ni machache. Timu yenye uwezo wa kufunga mabao 2 kwa mechi ikikutana na yenye uwezo wa bao 1, yule mkubwa, licha ya ubora wake wa mara mbili, hushinda takriban mechi 6 kati ya 10. Mbili hivi huisha sare, na karibu mbili mnyonge huondoka na ushindi. Tangu 2022 vyuo vimeondoa muda wa nyongeza katika mechi za kawaida za msimu, kwa hiyo anayejilinda dakika 90 anaondoka na pointi yake. Zamani alilazimika kuvumilia vipindi viwili vya dakika 10, na bao la kwanza linamaliza kila kitu. Kwa maoni yangu mabadiliko hayo yameusaidia upande dhaifu kuliko kikao chochote cha kujadili usawa.

Kanuni ya kutokuwa na ufadhili wa michezo haijavifanya vyuo kuwa sawa, na hili tukubali wazi. Amherst na Williams wana mifuko ya akiba inayopita dola bilioni 3 kila kimoja. Hawamlipi mtu kwa ajili ya mpira, lakini wanaweza kumpa kijana wa familia maskini msaada wa masomo kulingana na hali ya kwao, na Amherst hawaangalii uwezo wa kulipa wanapomchagua hata mwombaji wa kutoka nje ya nchi. Kipa hodari kutoka Mwanza au Eldoret mwenye alama nzuri darasani ataona wapi pa kutuma maombi. Ukiangalia mabingwa wa taifa kuanzia 2014 hadi 2023, mwaka 2020 ukiwa umefutwa kwa sababu ya korona, utakuta vyuo 6 tofauti: Tufts mara 4, kisha Amherst, Messiah, Connecticut College, Chicago na St. Olaf mara moja moja. Inaonekana kama usawa mzuri. Lakini Tufts, Amherst na Connecticut College wote ni wa konfarensi moja, NESCAC, yenye vyuo 11 vya kaskazini mashariki vyenye majina makubwa. Mataji 6 kati ya 9 yalikwenda huko.

Hata hivyo fedha hazimalizi maelezo. Kabla yao ilikuwa zama za Messiah, chuo cha Kikristo cha Pennsylvania ambacho mfuko wake haukaribii hata kidogo wa Amherst. Kati ya 2000 na 2013 walitwaa mataji 10 katika misimu 14, wakabadilisha kocha katikati, Dave Brandt akiondoka na Brad McCarty akipokea mwaka 2009, na mataji yakaendelea. Na Chicago mwaka 2022 walikuwa bingwa bila kupoteza mechi chini ya Julianne Sitch, msimu wake wa kwanza kazini. Akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume hadi ubingwa wa NCAA katika soka. Kigogo anaweza kujengwa kwa utamaduni wa timu na watu wanaokaa kazini muda mrefu. Ukimbana kwa masharti, unaadhibu kazi nzuri.

Basi kwa nini watu hawaji kwenu? Nitakwambia ninavyoamini. Katika chuo cha watu 2,000, mtazamaji haendi kutazama kiwango cha soka. Kiwango kipo kwenye simu yake, Ligi Kuu ya Uingereza kila Jumamosi asubuhi kwa saa za Ohio. Anakwenda kumtazama mtu anayemjua. Timu ina wachezaji kama 30, kila mmoja ana mwenzake wa chumbani, mwenzake wa maabara, mhadhiri, binti anayekaa naye meza moja mlo wa jioni. Hao ndio mashabiki wenu wa asili, na hakuna hata mmoja wao anayeuliza msimamo wa ligi kabla ya kwenda. Wanauliza: fulani anacheza? Mechi saa ngapi? Na nani wengine wanakwenda?

Kwa hiyo anza na saa. Mechi ya Jumatano saa kumi alasiri inagongana na maabara, mazoezi ya timu nyingine na kazi za wanafunzi. Kama uwanja una taa, omba mechi mbili tu za msimu zihamie saa moja jioni, na mojawapo iwe dhidi ya yule kigogo. Narudia, dhidi ya kigogo. Ndiyo mechi ambayo mnyonge ana kitu cha kutamani, na ndiyo inayojitangaza yenyewe: wamebeba kombe, wanakuja kwetu, njoo uone. Nyingine iwe na chuo cha jirani, yule ambaye wanafunzi wenu hukutana nao madukani. Kama watani wa jadi hawapo, watani hutengenezwa, lakini huchukua miaka na huhitaji tarehe isiyobadilika kila msimu. Usijaribu kuzipamba mechi zote 18. Utachoka, na watu watazoea kelele zako.

Kazi yako ya takwimu ndiyo silaha yako. Picha ya mfungaji akishangilia wanaiona wote na kuisahau. Andika badala yake kwamba beki wa kushoto anasomea ualimu na wiki hii anafundisha mazoezi shule ya msingi ya mjini, au kwamba kipa hajaruhusu bao nyumbani tangu Septemba. Na eleza kinachopiganiwa, maana wanafunzi wengi hawajui. Konfarensi nyingi huwa na mashindano yao ya mwisho wa msimu yanayoingiza timu 4 au 6 za juu, na anayeyashinda hupata tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa. Timu iliyo nafasi ya tano mwezi Oktoba bado iko hai kabisa. Hapo ndipo usawa mnaoutafuta ulipo tayari, umewekwa ndani ya mfumo, na jukwaa lenu halijui kwamba upo.

Mahali pa pili pa kutafuta mashabiki ni mji. Hapa nina mfano ninaoupenda, wa Lewiston, Maine, kilipo chuo cha Bates. Ni mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa, uliopokea maelfu ya Wasomali kuanzia 2001, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za Dadaab nchini Kenya, kisha wakaja Wakongo, Waangola na Warundi. Mwaka 2015 shule ya sekondari ya Lewiston, ikiongozwa na kocha Mike McGraw na vijana wengi wa familia hizo, iliifunga Scarborough 1-0 na kupata ubingwa wa kwanza wa jimbo katika soka. Mji uliokuwa na historia ya chuki na hofu ukakaa jukwaa moja. Watu wenye kiu ya mpira walikuwa wamejaa mitaani muda wote, na kilichowatoa nyumbani ni vijana wao kuwa uwanjani. Ohio nako, Columbus ina jamii ya Wasomali ambayo ni ya pili kwa ukubwa Marekani, na ndani yake wapo wengi wanaozungumza Kiswahili vizuri kama wewe. Wapo Wakongo na Wanyarwanda pia. Kama chuo chenu kiko umbali wa kuendeka, nenda uongee na mtu anayefundisha timu ya watoto wa mtaa huo. Waombe watoto waokote mipira siku ya mechi na wasimame na wachezaji wakati wa kuingia. Mtoto mmoja huja na watu watano.

Tahadhari moja ya kanuni: NCAA humhesabu mwanafunzi aliyeanza darasa la tisa kuwa mchezaji anayeweza kusajiliwa, na kumpa zawadi, chakula au upendeleo ambao watu wengine hawapewi kunaweza kukiingiza chuo matatani. Watoto wadogo wa kuokota mipira hawana shida hiyo. Kwa wakubwa, mlango na chakula viwe wazi kwa kila mtu, na umuulize kwanza msimamizi wa kanuni wa ofisi yenu.

Familia za mbali usizisahau. Mechi ya Jumamosi saa saba mchana Ohio mwezi Septemba ni saa mbili usiku Nairobi na Dar es Salaam; mama wa mchezaji anaitazama akiwa macho. Ile ya saa moja jioni, kwake ni saa nane usiku. Panga moja ya mechi za mchana iwe ya familia za wachezaji wa kutoka nje, na kama una mwenzako mwenye ulimi mwepesi, tangazeni dakika 90 kwa Kiswahili au Kihispania sambamba na matangazo ya kawaida. Gharama yake ni kipaza sauti na ruhusa.

Kuna sehemu moja ambako kocha wako ana haki, nami simnyimi: mabao 8-0. Mechi za namna hiyo hutokea zaidi nje ya konfarensi, mwanzoni mwa msimu, ndipo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapoamua kama soka ni jambo lao au si lao. Ratiba hiyo huipanga kocha mwenyewe. Tatizo ni kwamba tangu msimu wa 2024 nafasi za kuteuliwa kwenda mashindano ya taifa hutolewa kwa fahirisi ya hesabu inayopima matokeo pamoja na ugumu wa ratiba, kwa hiyo makocha wana sababu ya kutafuta wapinzani wakubwa. Kwa timu inayowania nafasi hizo, sawa. Kwa timu ya katikati ya jedwali ambayo njia yake ni ile tiketi ya bingwa wa konfarensi, ugumu huo wa Septemba hauleti faida kubwa na unawagharimu jukwaa. Mwambie kwa heshima, ukiwa na jedwali lako mkononi: mechi mbili za kwanza za nyumbani ziwe na timu za saizi yetu.

Na hesabu vichwa. Kwa kuwa vyuo vingi vya ngazi yenu havitozi kiingilio, hakuna tiketi za kuhesabu, na namba inayoandikwa kwenye karatasi ya mechi mara nyingi ni ya kukadiria. Zunguka mwenyewe mapumziko. Tenganisha wazazi, wanafunzi na watu wa mjini, na jitahidi kujua nani amekuja mara ya pili. Hao wa mara ya pili wakiongezeka kutoka 15 hadi 40 ndani ya msimu, kazi inakwenda vizuri hata kama mmemaliza nafasi ya saba.

Kuhusu ngoma: konfarensi nyingi zina sera zao za vyombo vya kelele, kwa hiyo pata jibu la maandishi kutoka ofisini kabla ya mechi. Wakikubali, kaeni mbali na benchi la wageni, na mpigaji asimame lango linaloshambuliwa na timu yenu kipindi cha pili.